Vanishi Mara Saba

Mume wangu humnusa mgeni kabla hajamsalimu. Mgeni ninayemsema hapa ni gitaa. Likishaingia mlangoni analilaza mezani, anavuta kiti, anainama, anaweka pua kwenye tundu la sauti na kufumba macho kama mtu anayesali. Mwenye gitaa anabaki amesimama na mkoba mtupu mkononi, hajui aketi au aombe radhi. Mimi niliyeishi naye miaka ishirini na sita najua kwamba hapo bado hatujaanza.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Polepole. Siku ya kwanza ni ya kunusa, na kuliacha gitaa lizoee hewa ya chumba. Siku ya pili ni ya kugonga: anapitisha kifundo cha kidole juu ya ubao wote, sikio limeinama, halafu anaingiza ndani tochi ndogo na kile kioo chenye mpini wanachotumia madaktari wa meno, anazikagua mbavu za ndani moja moja. Siku ya tatu anaangalia shingo kama imenyooka, gundi kama imeshika, vanishi kama ni ile ya mwanzo. Kisha ndipo anakaa kuandika thamani. Na katika siku zote hizo tatu halipigi, hata uzi mmoja hagusi. Wateja humshangaa, fundi gani wa gitaa asiyelisikiliza gitaa.

"Likishaniimbia," huwajibu, "nimeshanunuliwa."

Kuandika ndiko kunakonihusu mimi. Mwandiko wa Polepole hausomeki. Hata yeye akiurudia baada ya wiki anakwama. Mimi ni karani wa shule, nimepiga chapa barua za walimu wakuu watano, wote wamekuja wakaondoka na mimi nipo, kwa hiyo hati zote za karakana yake hupitia kwangu. Kila hati inaeleza gitaa ni la namna gani, lina hali gani, lina kasoro gani na nani aliyezisababisha, halafu bei. Hizo kasoro ndizo zilizomjengea jina. Wenzake huandika "limepasuka kidogo", basi. Yeye huandika limepasuka wapi, kwa urefu gani, tangu lini kwa kukisia, na wa kulaumiwa ni nani: jua, mtoto, au fundi aliyetangulia. Kuna bwana mmoja mwenye pesa zake, nyumba yake imejaa magitaa ya zamani, huyo hununua kwa karatasi ya Polepole bila hata kufungua sanduku.

Kitu kimoja kilikuwa kikinishangaza. Mume wangu ni mpole, mpole wa kuudhi. Nikigomba mimi, yeye hutafuta ufagio akafagie. Lakini mtu akileta gitaa la zamani alilolisugua na kulipaka mafuta ya meza ili lipendeze, hapo utamwona Polepole mwingine kabisa. "Nani kakutuma ulipanguse?" humfokea mteja wa watu. "Si ungeliacha na vumbi lake! Si ungeliacha na jasho la mwenyewe!" Maana wanunuzi wa vitu hivi hawataki mng'aro. Wanataka vanishi ile ile iliyopakwa siku gitaa lilipozaliwa, hata kama imechujuka na kufanya mistari myembamba kama kiganja cha bibi kizee. Ukiikwangua, bei imekwenda na maji. Hilo nililielewa, ila nilidhani hasira ile ni ya kazi tu.

Sasa niwaambie kuhusu Baba, maana mambo yote haya yametokana na masikio yake.

Baba yangu alikuwa opereta wa simu. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ilibidi kwanza upitie sikioni kwa baba yangu. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, amevaa visikilizio vizito kichwani, na alizijua sauti za watu ambao sura zao hakuwahi kuziona. Akitoka kazini alishika gitaa. Yeye na wenzake watatu wa simu walikuwa na kikundi chao, walipiga kwenye ukumbi wa wafanyakazi na kwenye harusi za watu. Utotoni mwangu sikuimbiwa ili nilale. Nililala kwa kusikia mazoezi upande wa pili wa ukuta.

Leo ana miaka sabini na saba na masikio yamemkimbia. Mlango ukibamizwa anasikia. Mtu akiongea kwa kawaida, anaona midomo tu. Binti yetu, mjukuu wake pekee, anasoma mbali na hupiga simu kila Jumapili. Baba alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili, akaikandamiza sikioni, akawa anajibu "ndiyo, mama, ndiyo, mama" kwa chochote anachoambiwa. Jumapili moja mtoto alimwambia kwamba amelala kitandani anaumwa. Baba akamjibu, "Vizuri sana, endelea hivyo hivyo." Sisi tulicheka mpaka machozi. Tulipomweleza tulichokuwa tunacheka, yeye hakucheka. Akairudisha simu mezani taratibu, na tangu siku hiyo ikilia humpa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata alikuja kwetu amebeba gitaa lake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Mkwe," akamwambia Polepole, kwa ile sauti ya juu ya watu wasiojisikia wenyewe, "niandikie karatasi. Nataka huyo tajiri wako alichukue. Nimeulizia kile kifaa cha sikioni. Bei yake si mchezo. Lakini hili nalo si mchezo, limekuzidi umri!"

Hakuwa anatia chumvi. Gitaa lile limetengenezwa kwa mkono, kwa mbao ambazo siku hizi hupati hata kwa kuzililia, na Baba alipolinunua akiwa kijana tayari lilikuwa la zamani. Lingekuwa katika hali yake ya mwanzo, lingenunua masikio ya Baba na mengine ya akiba. Nilifurahi. Nikamtazama Polepole nikingoja ainame anuse. Hakuinama. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Sawa, Baba," akaliegemeza karakanani, uso wake ukitazama ukuta.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu. Kina dirisha moja linalopokea jua la asubuhi, magitaa yamening'inizwa kwa shingo, na kwenye jiko dogo kuna kopo la gundi ndani ya sufuria ya maji. Pembeni kuna bakuli la maji lenye kitambaa ndani yake, ili hewa isikauke mbao zikapasuka. Nilikuwa nikiingia humo kumpelekea chai. Siku ya tatu nikamkuta ameketi, mikono mapajani, gitaa la Baba bado linatazama ukuta. Siku ya sita hivyo hivyo.

"Polepole," nikamwambia, "hilo gitaa unalithamini au unalilea?"

Akasema bado kidogo. Chai ya asubuhi ilikuwa mezani, imeshafanya utando. Nikadhani anaona haya kumtajia mkwewe bei, nikamwacha.

Siku ya tisa aliniletea rasimu kwa penseli, akaiweka kando ya mashine yangu ya chapa, akatoka. Mimi huwa sisomi ninapochapa. Macho yanaona, vidole vinaandika, akili iko sokoni. Nikachapa namna ya gitaa. Nikachapa hali yake. Nikafika kwenye kasoro: "Vanishi si ya asili. Gitaa lilikwanguliwa kwa msasa mpaka kwenye ubao, kisha likapakwa vanishi ya meza mara saba. Ubao wa juu umelemewa, sauti haitoki. Imefanyika miaka ishirini na sita iliyopita. Aliyesababisha: mimi."

Vidole vilishaandika "mimi" kabla akili haijarudi kutoka sokoni. Nikasoma tena. Bei iliyokuwa chini yake ilikuwa kama robo ya ile tuliyoitarajia, na isingenunua hata nusu ya sikio.

Hapo nikakumbuka yote. Kabla hajawa fundi wa magitaa, Polepole alikuwa fundi wa kupaka vanishi kwenye karakana ya samani, kijana mwembamba mwenye kucha za kahawia, ananitaka na hana mbele wala nyuma. Alikuja kwetu kujitambulisha, akaliona gitaa la Baba limechakaa, vanishi imetoka pale mkono unapoegemea, mikwaruzo chungu nzima. Akaomba alichukue akalitengeneze kidogo. Baada ya wiki mbili alilirudisha linang'aa, unaweza kujitazamia ukachana nywele. Baba alipiga makofi. Mama yangu, marehemu sasa, alisema kijana mwenye subira ya namna hii hatampiga mtu. Nami nilijivuna mno, maana alininong'oneza kwamba meza za wakubwa hupakwa mara tano, lakini hili alilipaka mara saba.

Nilimkuta anafagia karakana iliyokwisha kufagiwa.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa nne wa ndoa yetu. Nilikuwa nimeanza kujifunza kazi hii. Siku moja kule kwenu Baba amelala mchana, nikaligonga pale pale ukutani lilipotundikwa. Likalia kama mlango."

"Na ukanyamaza."

"Kila mwaka nilisema mwaka huu. Kila mwaka, mama."

Kuna jambo lazima nilikiri hata kama linanivua nguo. Nilipotulia kidogo, sikumwambia aende akaungame. Nilimwambia abadilishe. "Andika ni ya asili," nikasema. "Vanishi yenyewe imeshazeeka, tajiri wako hafungui sanduku. Baba apate masikio yake. Dhambi tutagawana."

Polepole akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine, imekunjwa. Ilikuwa rasimu ya hati hiyo hiyo, kasoro hazipo, bei kamili. "Niliiandika siku ya nne," akasema. "Nimekaa nayo siku tano. Naona nikimwuzia hivi, Baba atavaa kifaa chake, na sauti ya kwanza atakayoisikia vizuri ni yangu, namdanganya." Akaitia kwenye jiko la gundi.

Nilimnunia siku mbili. Mimi nikinuna, hata vifuniko vya sufuria vinajua. Sikununa kwa ajili ya bei. Nilikuwa nakumbuka harusi yetu. Baba alishika gitaa lililong'aa, watu wakamzunguka, akapiga wimbo mmoja na nusu ya wa pili, akalishusha. Alisema vidole vinamuuma. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Hakulipiga tena mbele ya watu, wala Mama alipombembeleza, wala mjukuu alipozaliwa. Lilitundikwa ukutani, tukawa tunalipangusa vumbi na kusema, Baba amechoka, ameshakula chumvi nyingi. Sasa nilikuwa najua, na nilitamani nisingejua.

Jumamosi asubuhi Polepole alivaa shati lake la kwendea kwenye mambo mazito. Nikampa hati aliyoitaka, iliyochapwa vizuri. Akaikunja akaitia mfukoni.

"Hii ni ya mnunuzi," akasema. "Baba nitamwambia kwa mdomo."

"Kwa mdomo?" nikasema. "Baba huyu huyu ninayemjua mimi?"

Akasimama pale mlangoni. Sidhani alikuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amejiandaa siku kumi na moja kusema jambo lile kwa sauti ya chini, uso umeinama, kama mambo hayo yanavyosemwa. Nikamwonea huruma, ila bado nilikuwa nimenuna, kwa hiyo sikuionyesha.

Sebule ya Baba ina madirisha mawili yanayotazama uani, na upande wa pili wa ua kuna jirani yake mshonaji, ambaye cherehani yake hailali. Tulimkuta Baba amekaa kwenye kiti chake, ameshavaa koti, akidhani tunakwenda naye moja kwa moja kwa tajiri. Polepole akaliweka gitaa kwenye kochi. Akachuchumaa mbele ya Baba.

"Baba, gitaa hili halina bei uliyoifikiria."

"Sema kwa sauti."

"Halina bei, Baba!"

"Kwa nini? Limepasuka?"

"Halijapasuka. Nililiharibu."

"Mwanangu, sema kwa sauti, nakuona unatafuna tu."

Polepole akanigeukia. Mimi nikatazama pembeni. Akapiga moyo konde, akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuisikia ikitoka kifuani mwake.

"NILILIHARIBU MIMI! VANISHI ILE! NILILIPAKA MARA SABA! NILIUA SAUTI YAKE, NA NILIJUA, NA SIKUSEMA!"

Cherehani ya jirani ikanyamaza.

Baba alimtazama. Nilidhani hakusikia, nikataka kumsaidia, akaninyooshea kiganja nikae kimya. "Ulijua lini?" akauliza.

"MWAKA WA NNE!"

Baba akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake. "Miaka ishirini na miwili," akasema. "Umekula mezani kwangu miaka ishirini na miwili, unaniona silishiki. Toka nje."

Polepole akatoka. Alikwenda akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mgongo umepinda, na jirani mshonaji, Mungu ambariki, akafunga dirisha lake taratibu. Nami nilibaki na Baba. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ya kumtetea mume wangu niliyekuwa nimemnunia dakika tano kabla. Lakini Baba hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto mbele ya macho, ule wa kubonyeza nyuzi, anakunja kidole kimoja kimoja na kukikunjua.

"Mwite," akasema.

Nikamwita. Alipoingia, Baba alikuwa bado ameushika ule mkono juu.

"Kwa hiyo si vidole?"

"Si vidole, Baba."

"Sema kwa sauti."

"SI VIDOLE!"

Basi Baba yangu akaanza kulia, bila kuficha, na huku analia anaeleza. Siku ya harusi yetu alibonyeza nyuzi zile zile alizozibonyeza miaka yote, sauti ikagoma kutoka. Alibonyeza kwa nguvu zaidi, ikagoma. Akajua zamu yake imefika, maana baba yake mzazi mikono ilimlegea akiwa na umri kama huo, mpaka akawa analishwa kwa kijiko. Hakumwambia mtu isipokuwa Mama. Kila asubuhi kwa miaka mingi aliamka akakunja vidole chini ya shuka, kuona kama bado vipo. Vilikuwepo. Vilifunga vifungo, vilimenya, vilibeba mjukuu. Lakini kurudi kwenye gitaa hakuthubutu, asije akahakikishiwa kwamba ni kweli. "Nilidhani ni mimi," akawa anasema. "Nilidhani ni mimi, kumbe ni meza!"

Polepole alikuwa amepiga magoti, na machozi yanamtoka. Ukitaka kujua, na mimi pia. Nilimshika mume wangu bega, na kununa kwangu kukaishia hapo.

"Lete hapa," Baba akasema.

Polepole akampa gitaa. Nyuzi zilikuwa za zamani lakini zimekazwa; Polepole alizikaza bila kuzipiga, maana hata lile, siku zote alizokaa nalo, hakuthubutu kuliacha liimbe. Baba akalikumbatia. Akapiga mara moja, akatikisa kichwa, hasikii. Ndipo nikamwona anainamisha shingo, anaegemeza taya lake kwenye ukingo wa gitaa, mfupa juu ya ubao, na kufumba macho. Alinieleza baadaye kwamba hata zamani, kwenye kelele za ubao wa simu, walikuwa wakibana kisikilizio kwenye mfupa wa nyuma ya sikio pindi laini ikiwa mbaya. Akapiga tena. Vidole vilikuwa vigumu, vikakosea, vikarudi nyuma, vikapata njia. Ulikuwa ule wimbo wa pili wa harusi yangu, alioukatiza katikati. Aliupiga kuanzia mwanzo, mpaka mwisho.

"Nasikia," akasema, taya bado liko pale. "Linaongea limejifunika blanketi."

"Naweza kulifunua," Polepole akasema, kisha akakumbuka, akapaza sauti. "NAWEZA KULIFUNUA! KIDOGO KIDOGO! LAKINI BEI HAIRUDI!"

"Nani kakuuliza bei?"

"Wewe, Baba," nikasema, na kwa kuwa sikupaza sauti, hakunijibu.

Kisha akaidai ile hati. Akavaa miwani, akaisoma yote, kidole chini ya kila mstari. Akafika kwenye kasoro, akagonga karatasi. "Haijakamilika. Umeandika gitaa, hukuandika mpigaji. Andika na hilo, utie sahihi yako. Si wewe ndiye unayeaminiwa?" Ikabidi nirudi nyumbani nikachape upya, nikaongeza mstari mmoja chini ya kasoro zote, na Polepole akatia sahihi na tarehe. Tajiri hakuiona karatasi ile. Baba aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati.

Kazi ya kulifunua ilichukua miezi miwili na nusu. Polepole hakutumia msasa. Alikwangua ubao wa juu kwa kipande cha kioo kilichonolewa, eneo la ukubwa wa stempu kwa siku, na Baba alikuja kila alasiri kukaa kwenye kiti cha wateja na kusimamia. Walikuwa wakigombana kwa sauti za juu kama watu wa mnadani. "Hapo umezidisha!" "SIJAZIDISHA, BABA!" Kila Ijumaa Baba aliegemeza taya akapima. Gitaa halikurudi kuwa lile la zamani. Polepole husema ubao ulipungua unene siku ya msasa na hakuna wa kuurudisha. Lakini sauti ilianza kutoka, nami nikipika nilikuwa nikiisikia ikipita dirishani, nikawa nazima redio.

Kuhusu kifaa cha sikio, tulichanga. Kaka yangu alituma chake, mimi nikatoa cha kwangu, na Polepole akauza gitaa lake mwenyewe, lile lililotundikwa kwenye dirisha la karakana, ambalo miaka yote alikataa hata kulitajia bei. Tukapata cha sikio moja. Jioni ya siku aliyowekewa, binti yetu alipiga simu, na hayo waliyoongea ni yao, walifunga mlango. Mimi ninayotaka kuwasimulia ni ya asubuhi.

Muuguzi wa masikio alikuwa dada mmoja mwenye haraka, foleni imejaa nje. Alimwekea Baba kifaa, akakigeuzageuza, akasimama nyuma ya kiti ili Baba asione midomo yake.

"Sasa mzee, nitakusomea kitu kwa sauti ya kawaida, uniambie unasikiaje." Akawa anatafuta kijikaratasi chake mezani.

Baba akatia mkono mfukoni, akaitoa ile hati, akainyoosha juu ya bega bila kugeuka. "Soma hii. Hapo chini kwenye kasoro."

Muuguzi akaipokea. Akapitisha macho, nikaona anakunja uso kwa magitaa na vanishi, kisha akafika kwenye mstari wa mwisho, akausoma polepole, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayesoma.

"Vidole vya mwenye gitaa vimekaguliwa. Havina kasoro."

Baba alikuwa ameketi wima, mikono magotini, anatazama ukuta. Muuguzi akangoja. Akanitazama mimi, akamtazama Polepole, akaanza kuingiwa na wasiwasi, akapeleka mkono kwenye kifaa.

"Hujasikia, mzee?"

"Nimesikia," Baba akasema. "Rudia."